Maziwa ya Sebarenzi kwa Watu wa Ntoto

Sebarenzi alikuwa mtu wa kuota macho wazi. Haukuwa ugonjwa, alikula vizuri na hata kikohozi kilikuwa hakimjui. Ni hivyo tu alivyokuwa. Mwache juu ya kilima, fimbo imepita mabegani, mikono imening'inia juu yake kama nguo zilizoanikwa, ukungu unapanda kutoka bondeni, na mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Ulibaki mwili kuchunga. Ng'ombe walimjua. Walikula majani wakimzunguka kama wanavyozunguka jiwe, na jioni Bihogo, yule mwekundu wa rangi ya udongo uliolowa, alikuja kumpumulia shingoni ili akumbuke kwamba kuna nyumbani.

Nyiramahoro, mke wake, alishachoka kumwita. Siku hizo alianzia mwishoni. "Sebarenzi! Hii ni mara ya tatu nakuita!" alipiga kelele, na alikuwa hajamwita hata mara moja.

Mtu wa namna hiyo ndiye watu wa malisho waliyemtuma barazani. Ilikuwa miaka ya vita ya Wazungu huko kwao, na kila kilima kilikuwa na mjumbe wake anayekwenda Kitshanga kukaa mbele ya chefu, kukata sheria za mashamba, za njia za ng'ombe, za nani alipe nini akimpasua mwenzake kichwa. Wenye ng'ombe wengi walitaka kwenda wote, na kwa kuwa kila mmoja alimwogopa mwingine, hakwenda hata mmoja. Mzee Mbonigaba, mwenye kundi kubwa kuliko wote, ndiye aliyemaliza maneno.

"Tutume Sebarenzi. Muntu anayelala hawezi kuuza kilima yetu."

Wakacheka, wakamtuma. Miaka mitatu akakaa barazani na kusema mara mbili tu: mara moja kwamba paa linavuja juu yake, mara ya pili kwamba bado linavuja.

Halafu akaja Floribert.

Floribert alikuwa katekista wa Ntoto, huko chini upande wa Walikale, ambako msitu unaanza na haujulikani unaishia wapi. Alikuwa ametembea siku tatu. Koti lake lilikuwa limeungua mkono mmoja, na matope yalikuwa yamempanda mpaka magotini. Aliingia barazani, akakataa kiti.

"Chefu, na ninyi wajumbe, wanatumaliza," alisema. "Kuna watu wanajiita Watu wa Radi. Wanakaa ng'ambo ya mto. Asubui, ukungu haujatoka, wanavuka. Wanapiga mishale, wanachoma manyumba, wanakamata mbuzi, wanafunga vijana kamba, wanarudi. Tukiwafuata, chefu wa ng'ambo anasema tumevunja mpaka wake. Wao wakivuka, mpaka hakuna muntu anauona!"

"Na Musungu wa teritware, yule mukubwa wa serikali?" chefu aliuliza.

"Anasema askari wako njiani."

Baraza lote likaguna. Kila mtu alijua urefu wa njia hiyo.

Alichoomba Floribert kilikuwa vitu viwili. Cha kwanza, wanaume wa kusimama pa kivuko mpaka askari wafike. Cha pili, chakula, maana wamama na watoto wa Ntoto walikuwa wameshakimbia na wamefika kilima cha wakulima, hapa chini ya Kitshanga, na wakulima wenyewe mihogo yao ilikuwa bado vidole.

Wajumbe wakaanza. Mmoja akasema radi ya Ntoto ipige Ntoto. Mwingine akasema kwanza tujue hao vijana wa Ntoto walifanya nini mpaka wachokozwe. Watatu wakakubaliana kwamba jambo ni zito, na wanaume wakishakubaliana kwamba jambo ni zito, ujue hawatalibeba.

Na Sebarenzi? Alikuwa ameondoka. Alikuwa amerudi miaka saba nyuma, siku zile walipotoka Rwanda kuja kwenye malisho haya. Mvua haikukata siku tisa. Ndama walikufa wima. Watu walilala chini ya ngozi, na moto hakuna, kuni zote maji. Asubuhi moja ukungu ukafunguka kama mtu anayeinua pazia, na ndani yake wakatokea watu wasiowajua, mstari mrefu, mianzi juu ya vichwa, mateke, yale magimbi ya kwao, ndani ya vikapu, kimya kabisa. Watu wa Ntoto. Pembe za ng'ombe waliziogopa, waliruka pembeni kila ng'ombe alipopiga chafya, lakini walijenga. Mpaka jua lilipozama kulikuwa na zizi, na kulikuwa na moshi. Chefu wao na chefu wa huku wakanyweshana damu siku hiyo: atakayepigwa, mwenzake asimame. Sebarenzi alikuwa kijana, ameshika ndama mikononi, na mama mmoja alimpa teke la moto, akalila na maganda yake.

"Sebarenzi!" chefu aliita. "Watu wa malisho wanasema nini? Ao paa inavuja?"

Wakacheka. Sebarenzi akasimama, na utamu wa lile teke bado uko mdomoni mwake.

"Watu wa malisho wako na Ntoto," alisema. "Tutawapa batoto yao maziwa. Kila asubui. Mpaka siku watarudi kwao."

Sauti yake mwenyewe ilimshangaza. Karani alikuwa ameshaandika.

Basi wakulima wakaona haya. Mjumbe wa Kashuga akasimama na kutoa maharagwe. Mwingine akatoa viazi. Wanaume wa kusimama kivukoni, hao chefu aliwaweka kando. "Baraza ijayo," alisema. "Kwanza tuone hayo maziwa."

Sebarenzi akashika njia ya nyumbani akijisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama. Alipita karibu na kile kilima cha wakulima, na hapo, penye kijito, wamama wa Ntoto walikuwa wamewasha moto na kutandika samaki juu ya fito. Moshi wake mtamu ulitambaa juu ya maji. Mama mmoja aligeuza kipande cha nguruwe wa porini kwa kijiti.

Miguu ya Sebarenzi ikakataa kuendelea.

Samaki! Hata mtoto wa mchungaji asiyejua Baba Yetu anajua hili: aliyekula samaki, ao kondoo, ao nguruwe, hanywi maziwa siku hiyo. Akinywa, haumwi yeye, anaumwa ng'ombe. Chuchu zinapasuka, maziwa yanageuka damu, yanakauka. Watu wa malisho walikuwa Wakristo, walikwenda misa, walibatizwa wote mpaka bibi vikongwe. Lakini ng'ombe hawakubatizwa. Na yeye, mchungaji mwana wa mchungaji, amesimama mbele ya chefu na kuahidi maziwa ya kilima kizima kwa watu wanaokula kila kinachoogelea. Mkulima akikosea hivyo utamsamehe, hajui. Mchungaji je?

Habari ilikuwa imefika nyumbani kabla yake.

"Nasikia ulisema," Nyiramahoro alimwambia mlangoni. "Miaka tatu umenyamaza vizuri! Kila muntu alikuwa anakusifu. Sasa leo nani alikufungua mudomo?"

"Nilikumbuka ile teke."

"Teke gani?"

Alimweleza. Akamsikiliza, mikono kiunoni, uso unapungua ukali kidogo kidogo, maana hata yeye alikuwa chini ya zile ngozi siku ile. Halafu ukali ukarudi, kwa sababu Mbonigaba alikuwa anapanda kilima na wazee wanne nyuma yake.

Mbonigaba hakukaa. "Rudi kwa chefu, umwambie ulikuwa unaota," alisema. "Kila muntu ataamini."

"Papa Mbonigaba, iliandikwa."

"Basi iende na maandiko yake! Mimi ng'ombe yangu hatatoa hata tone. Na weye ukipeleka yako kwa wale wala samaki, usinyweshe tena pa kisima yetu ya chumvi. Usilete ugonjwa yako karibu na zetu."

Hapo Nyiramahoro akakaa chini. Ng'ombe asiyepata yale maji ya chumvi anakonda, manyoya yanasimama, anazaa vibaya. Kulikuwa na kisima kimoja tu upande ule, na njia yake ilipita katikati ya malisho ya Mbonigaba.

"Nimesikia," alisema Sebarenzi.

"Umesikia ao umelala?"

"Nimesikia, Papa."

Kesho yake alishuka kwa watu wa Ntoto kujaribu njia ya tatu. Aliwakuta wanajenga vibanda vya majani. Msimamizi wao, kwa kujiteua, alikuwa mama mmoja mpana aitwaye Athanasie, mtoto mgongoni, mwingine mguuni. Sebarenzi alimweleza mambo ya samaki na chuchu kwa heshima, akiangalia chini.

Athanasie alimwacha amalize.

"Kaka, niko naelewa vizuri?" alisema. "Tumekimbia mishale. Sasa tukimbie na samaki?"

"Siku ile tu ya kunywa maziwa, dada."

"Na maziwa ni kila siku."

"Ndiyo, kila siku."

"Basi sema tu tusikule kamwe!" Akageukia wenzake. "Mmesikia? Ng'ombe ya huyu kaka iko na haya, haitaki kusikia harufu yetu!" Wakacheka, wale wamama ambao siku tano nyuma walikuwa wanakimbia msituni, wakacheka mpaka mmoja akaanza kulia. Athanasie akaacha kucheka. Akamtazama Sebarenzi sawasawa. "Kaka, batoto watakula kile kitapatikana. Leo ni samaki. Siwezi kukudanganya. Kama maziwa yako haiwezi, bakia nayo, hatutakuchukia. Lakini usituwekee roho juu halafu uishushe."

Alirudi kilimani akiwa na maneno hayo masikioni. Alisimama na fimbo yake mpaka ukungu ukamfunika. Bihogo akaja kumpumulia. Mkono wake ukateremka wenyewe mpaka kwenye kiwele, chenye joto, kizito, laini kama shavu. Alikaa hivyo sana. Watu waliokuwa mbali waliona pembe mbili juu ya ukungu na kichwa kimoja, vinaelea.

Kabla ya jua kupanda siku ya pili aliwafungulia ng'ombe wake wote na kuwapeleka chini. Hakuwapeleka kuchunga. Alihama nao. Kama chuchu zitapasuka, alimwambia Nyiramahoro, zipasuke zake peke yake, mbali na za watu. Nyiramahoro alimwambia kwamba ni mjinga, kwamba baba yake alimwonya juu ya mume huyu, na kwamba mkeka ule usikunjwe hivyo, utavunjika. Akaukunja mwenyewe, akajitwisha, akamfuata.

Watu wa Ntoto waliwajengea zizi kwa siku moja. Mianzi ileile, kuruka kulekule kila ng'ombe anapopiga chafya.

Zile wiki zilizofuata Sebarenzi alizikumbuka baadaye kama mtu anavyokumbuka ndoto: vipande, na mwanga mwingi. Asubuhi, mvuke juu ya chombo cha kukamulia. Watoto wamepanga mstari kimya, kila mmoja na kibuyu chake, midomo ina harufu ya samaki. Yeye anafumba macho na kumimina. Mtoto mmoja anakunywa, anabaki na sharubu nyeupe, anamtazama ng'ombe aliyezitoa kama anatazama kanisa. Kila asubuhi, kabla ya kukamua, vidole vya Sebarenzi vilitafuta ufa kwenye chuchu. Hakuna. Kesho tena. Hakuna. Akaanza kufikiri kwamba labda Mungu hahesabu samaki.

Juu kilimani walihesabu kwa niaba yake. Kila mtu aliyepita aliulizwa: zimepasuka?

Wiki ya tano Bihogo alipunguza. Siku ya kwanza nusu ya chombo, siku ya pili robo, siku ya nne Sebarenzi alivuta mpaka mikono ikamuuma na chini ya chombo hapakulowa. Chuchu zilikuwa nzima. Manyoya yalikuwa yamesimama, mbavu zinaonekana. Ni chumvi, alisema Nyiramahoro. Ng'ombe yeyote angekauka bila chumvi. Ni samaki, walisema wa kilimani, na wakapeana habari kutoka zizi hadi zizi, wengine kwa huzuni, wengine, tusiongope, kwa furaha. Ng'ombe wengine bado walitoa. Lakini Bihogo ndiye Sebarenzi aliyempenda kuliko wote, na kila mtu alijua.

Siku ya baraza ikafika. Floribert alikuwa amerudi na habari mbaya zaidi: Watu wa Radi wamevuka mara mbili tena, kanisa la Ntoto limebaki kuta. Wajumbe walikuwa wanaangalia miguu yao. Mbonigaba, ambaye hakuwa mjumbe, alikuwa amekuja na watu wake, wamejaza mlango wote.

"Mbele ya kuomba vijana yetu wakufe kwa mto ya watu," alisema, "aseme kwanza. Sebarenzi, Bihogo iko anatoa maziwa ao haitoi?"

Mvua nyepesi ilikuwa inacheza juu ya majani ya paa.

Angeweza kudanganya. Ng'ombe watano walikuwa bado wanatoa. Angeweza kusema "wanatoa" na kumwacha Bihogo apotee ndani ya neno hilo. Angeweza pia kusema chumvi, na kumrushia Mbonigaba aibu yake mbele ya chefu. Sebarenzi alitafuta ule ukungu wake wa kujifichia, na kwa mara ya kwanza maishani haukuja. Aliona kila uso. Aliona hata nzi kwenye kalamu ya karani.

"Amekauka," alisema. "Bihogo amekauka. Sijui juu ya nini, ninyi mnasema mnajua. Ukiniuliza kama inaniuma, inaniuma. Sasa niulize kama leo ningepita njia ingine. Siyo. Wale watu walipotukuta tunakufa, hawakuuliza tulikula nini. Niko na Ntoto. Jana, na leo, na Bihogo amekauka."

Akakaa.

Wa kwanza kutoka mlangoni hakuwa mjumbe. Alikuwa mchungaji mmoja kijana wa upande wa Mbonigaba, akapita mbele, akasimama karibu na Floribert. Halafu mwingine. Halafu watatu pamoja, wakisukumana kama wanaoona haya kuwa wa kwanza kuimba kanisani. Wakulima wa Kashuga wakainuka. Chefu akamwambia karani aandike: wanaume arobaini, mpaka askari wafike.

"Lakini Sebarenzi atangulie," alisema yule kijana. "Kama yeye njo anatembea mbele, tunaenda."

Mbonigaba alitema mate nje, akaondoka peke yake.

"Na nani atakamua?" Nyiramahoro aliuliza jioni ile, akimfungia viazi. Kwa watu wa malisho mwanamke hakamui ng'ombe, na wanaume wa Ntoto walikuwa kivukoni, na wakulima hawajui mkono unawekwa wapi. Waliobaki kilimani hawangeshuka. Sebarenzi alikuwa amewapa watoto maziwa kila siku kama alivyosema, na sasa neno lake lenyewe ndilo linalomwondoa. Alilala hajapata jibu, akaamka hajapata, akaenda.

Kivukoni hakukuwa na vita ya kusimulia. Wanaume arobaini walisimama kando ya maji, na fimbo zao ndefu, katika ukungu mweupe ambao hawakujua kama ni wa mto ao wa msitu. Asubuhi ya nne Watu wa Radi walitokea ng'ambo. Walitazama. Waliona mstari wa vivuli virefu usio na mwisho, kila kimoja na mti begani kama bunduki, kimya kabisa. Pande zote mbili zikakaa zinatazamana hivyo, maji yanapita katikati. Halafu ng'ambo kukawa na miti tu. Askari walifika siku ya kumi na moja, wakaweka hema, na watu wa malisho wakaambiwa warudi.

Siku tatu za kupanda Sebarenzi alifikiria viwele. Ng'ombe asiyekamuliwa anaumia, kiwele kinavimba kama jiwe, kinaoza. Na watoto je? Aliwaona kwenye mstari wao, na vibuyu vitupu. Wenzake waliimba. Yeye alihesabu hatua.

Aliwasili alfajiri, peke yake, amewaacha nyuma. Kilima kilikuwa hakijatoka kwenye ukungu. Alisikia kabla ya kuona: ule mlio mwembamba wa maziwa yanayopiga chombo cha mti, shii, shii, mkono wa mtu anayejua. Akadhani ameanza kuota tena, akajifinya. Akasogea.

Mbonigaba alikuwa amechuchumaa chini ya ng'ombe, koti lake zuri limetupwa juu ya mwanzi, chombo kati ya magoti. Watoto walikuwa kwenye mstari. Nyiramahoro amesimama pembeni, ameuma midomo asicheke.

"Sikuja juu yenu," mzee alikuwa anasema bila kugeuka. Ilionekana amelisema kila siku. "Ninyi hata mukule moto, si kazi yangu. Nimekuja juu ya ng'ombe. Ng'ombe hawezi kulia hivi na mimi nasikia kule juu."

"Tunajua, Papa," alisema Athanasie.

"Huyo mulalaji akirudi mutamwambia sikuja."

"Hatutamwambia." Athanasie akainama karibu na sikio la mzee, sauti yake tamu kama asali. "Lakini Papa Mbonigaba, leo usiku tulikula samaki. Mingi sana."

Mikono ikasimama. Ng'ombe akageuza kichwa kuona kumetokea nini. Mbonigaba akavuta pumzi, akaitoa polepole, ikawa mvuke.

"Nyamaza, mama," alisema. "Ng'ombe iko anasikia."

Akaendelea kukamua.